Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Fundi Ayiko alikuwa amelala chali chini ya kitanda cha chuma, akifuata waya kwa vidole. Kabla ya kugusa chochote, alikuwa ameufungua waya wa betri.

Kitanda kilikuwa ndani ya gari la Fadhul. Yeye na mkewe Hawah waliuza nguo katika masoko ya Arua na Koboko, na gari hilo ndilo lilikuwa nyumba yao. Asubuhi hiyo, godoro la binti yao Fatumah lilitoa moshi. Hawah alimnyakua mtoto. Alipona, ila kisigino kilibabuka.

Fadhul alisimama mlangoni, Hawah nyuma yake na mtoto. Wiki nzima alikuwa akimlaumu Hawah kwamba anawasha taa ovyo, ndiyo maana fyuzi inakufa. Kule Lobule, kwao Hawah, alisema hivyo hata mbele ya mama mkwe.

Ayiko alitoka chini ya kitanda, akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi iliyokufa ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Hii nani aliweka?"

Hawah alijua. Akatazama pembeni.

"Mimi," Fadhul alisema. "Hiyo fyuzi iko mwoga. Kila siku inakufa."

"Baba yako alikuwa askari," Ayiko alisema taratibu. "Mlinzi akianguka mlangoni, unatafuta nani alimwangusha, ama unasimamisha mtu wa karatasi?"

Hakumcheka. Alimwonyesha waya uliosuguliwa na mguu wa kitanda hadi shaba ikabaki wazi. Shaba ikigusa chuma, umeme mwingi hupita na waya hupata moto. Fyuzi hukatika mapema ili umeme ukome. Karatasi ile ina bati jembamba linalopitisha umeme; haikukatika, basi waya ukawaka. Magari mengine, alieleza, yana swichi inayojizima yenyewe. Hiyo nayo usiirudishe kwa nguvu kabla ya kupata kosa. Na fyuzi mpya iwe na namba iliyoandikwa kisandukuni, isizidi.

Fadhul aliinamisha kichwa.

"Mama Fatumah, taa yako haikuwa na kosa."

"Mama yangu alisikia lile la kwanza," Hawah alisema.

"Na hili atasikia. Kwa mdomo wangu."

Waya mpya ungepitishwa kesho, ndani ya mpira, mbali na kitanda. Ayiko alikusanya vyombo vyake. Fadhul aliichukua ile karatasi, akaitia mfukoni, mama mkwe aione. Nafasi ya fyuzi ilibaki tupu.