Sauti Niliyoisahihisha

Niliingia dukani jua likizama, kununua kadi ya sauti na hedifoni. Sikuwa na hamu ya mazungumzo. Muuzaji alikuwa nayo ya kututosha sote wawili.

"Karibu, bosi! Studio au redio?"

"Nyumbani."

"Basi chukua hii. Ina taa zinacheza na mdundo."

Nilimweleza, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba taa hazirekodi chochote. Nilitaka kisanduku cha kawaida cha kupokea maikrofoni na kuipeleka sauti kwenye kompyuta, ila kiwe na kitufe cha kujisikia moja kwa moja. Sauti ikipita kwanza kwenye kompyuta hurudi masikioni imechelewa, na msomaji hujikanyaga maneno kama mlevi. Hedifoni nazo ziwe za kuziba masikio kabisa, ili kinachosikika ndani kisivuje na kuingia tena kwenye maikrofoni.

"Kumbe mtaalamu," alisema, kwa huzuni ya mtu aliyeponyokwa na mteja mjinga. Akainama chini ya kaunta. "Yenye kitufe hicho ninayo moja. Imetumika. Mpiga kinanda mmoja aliirudisha."

"Mbovu?"

"Nzima kabisa. Alisema tu..." Akacheka. "Alisema inamjibu."

"Mpiga kinanda asiyeujua mwangwi. Nifungie."

Ilikuwa na harufu. Harufu ya pumzi ya mtu aliyelala muda mrefu katika chumba kilichofungwa. Nikasema ni vumbi.

Miezi yake ya mwisho, marehemu mke wangu alikuwa akimrekodia binti yetu hadithi kwa simu, akiwa kitandani. Ya mwisho, ya ngamia mvivu, inakatika katikati. Kila jioni mtoto huisikiliza hadi hapo, kisha hulia. Nilikusudia kuisoma sehemu iliyobaki kwa sauti yangu na kuiunganisha na yake. Hatukuwa na sauti yake nyingine popote.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye anayenisaidia kulea. Alikitazama kisanduku mezani, akaziba pua.

"Shemeji, hiki kitu kinanuka mtu."

"Kinanuka duka."

"Haya, msomi. Sisi tuliotoka shule kupitia dirishani tunanyamaza."

"Itakuwa heri."

Akaenda kumwogesha mtoto. Nilifunga mlango, nikatundika blanketi dirishani kupunguza mwangwi, nikavaa hedifoni. Nikabonyeza kitufe cha kujisikia.

Kimya.

Kisha pumzi.

Nikaibana yangu. Ile ikaendelea...

Kisanduku hupata umeme kutoka kwenye kompyuta. Nikachomoa waya. Taa yake ikazimika.

Pumzi haikuzimika.

"Mume wangu," ikanong'ona. "Mpenzi wangu..."

Sikuogopa. Nilidharau. Ilikuwa sauti ya mke wangu kama nguo ya kuazima ilivyo ya aliyeivaa. Mke wangu hakuwahi kuniita mpenzi. Alisema neno hilo ni la mtu aliyevunja sahani na bado hajasema.

Kazi yangu ni kufundisha matamshi chuoni. Nimesikiliza watu wengi wakiigiza lafudhi zisizo zao, na sijamwacha hata mmoja apite.

"Hovyo," nikasema kwenye maikrofoni.

Pumzi ikasita. "Hovyo...?"

"Unapandisha mwisho wa sentensi. Yeye alishusha."

"Mume wangu." Ikashusha.

"Mno. Huyo ni mgonjwa wa kwenye tamthilia. Na hakuniita hivyo. Aliniita Mzee wa Nukta."

"Mzee wa Nukta."

"Kabla ya hapo alivuta hewa, kwa pua. Kama anayetaka kucheka akajizuia."

Ikavuta hewa.

Nikazikandamiza hedifoni masikioni.

Mtu wa akili za kawaida, shemeji yangu kwa mfano, angezivua hedifoni palepale. Mimi nilikuwa na hasira. Kitu hicho, vyovyote kilivyo, kimekaa gizani tangu lini sijui, na hakijajifunza hata kupumua vizuri! Nilikisahihisha vituo. Nilikisahihisha mkwaruzo wa kooni uliokuja na ugonjwa. Kila nilipoondoa kosa kilinyamaza kidogo, kama mwanafunzi anayeandika. Nikajikuta nangoja, nimefumba macho, nikitaka kipatie...

Kikapatia.

"Mzee wa Nukta, umekula?"

Nililia. Sikuwa nimelia hata mazikoni.

"Asante," kikanong'ona. Hiyo haikuwa sauti yake. Haikuwa ya mtu. "Sasa imetosha."

Nikazitupa hedifoni mezani.

Mlango ukagongwa. Niliruka. Ni shemeji, amemfunga mtoto taulo.

"Anataka hadithi yake. Mbona umelowa jasho hivyo?"

Tulimlaza. Nikaiwasha simu, hadithi ya ngamia mvivu. Mke wangu akaanza kusoma.

Mwisho wa sentensi ya kwanza ukapanda.

Wa pili pia. "Ngamia mpenzi wangu," ikasema simu, tamu kama dawa ya kikohozi. Nikaenda hadithi ya nyuma yake. Na ya nyuma zaidi. Zote. Sauti ileile ya kuazima, ile hasa niliyoikuta kwenye hedifoni kabla sijaisahihisha.

"Huyu si yeye," nikasema.

"Shemeji, pumzika." Alinishika mkono kwa upole ambao ningeudharau siku nyingine. "Dada alikuwa akiwasomea watoto hivyohivyo. Alibana sauti. Umesahau tu."

Nilifungua mdomo nimrekebishe. Nikatafuta kichwani ile ya kweli ili niilinganishe, na kila nilipoitafuta nilisikia tu niliyoifundisha mwenyewe chumbani.

Huenda shemeji anasema kweli. Majonzi hufanya mambo. Kisanduku chenye umeme uliobaki ndani hufanya mambo pia, kwa sekunde kadhaa.

Ila mtoto hakuwa amelia. Aliisukuma simu kwa vidole viwili, kama mtu anayesukuma sahani ya mwenzake, akanitazama.

"Baba, umemweka wapi?"

Shemeji alicheka, akamfunika.

Kisanduku nimekifungia kabatini, na ufunguo natembea nao mfukoni. Mtoto ameanza kuuliza unafungua nini.