Mbegu za Koko Nsimire

Kila asubuhi, kabla ya chai, Umurerwa alifagia uwanja wa kwao Kamembe mpaka ardhi ikabaki na mistari ya ufagio. Mama yake, Mukamurenzi, aliiogopa malaria kuliko jambazi. Akiona jani limejitokeza karibu na ukuta, alipiga kelele: "Umurerwa! Unafuga mbu?" Jani hilo liling'olewa palepale.

Kwa hiyo kanisa lao lilipopanga kuwapeleka vijana Bukavu, ng'ambo ya mto, wakawahudumie wazee wasio na msaada, Umurerwa alijiona yuko tayari kuliko wenzake wote. Walishonewa fulana nyeupe zenye maandishi kifuani: TUMEKUJA KUHUDUMU.

Mama alifuatana nao kama mpishi wa uji. Alikuwa amezaliwa na kukulia huko Congo, na bado moyo haukutulia. Pale darajani mpakani, akikagua vitambulisho vyao kwa mara nyingine, alisema, "Mkifika kwa watu, muulize kwanza. Kwa mtu si uwanja wa shule."

"Ndiyo, maman," Umurerwa aliitikia, lakini macho yalikuwa kwa Micheline, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akiwapiga picha kwa simu.

Mama alibaki kanisani kwa wenyeji akipika. Vijana walipanda mlima mpaka nyumba ya ajuza mmoja aitwaye Koko Nsimire, yaani Bibi Nsimire. Mwenyewe alikuwa sokoni akiuza mboga. Mlangoni alikaa mjukuu wake, Nabintu, mtoto mdogo ambaye hata meno ya mbele alikuwa hajaota upya. Kando ya nyumba yalisimama mabua makavu, marefu kama mtu mzima, ya rangi ya udongo, vichwa vimeinama.

"Msitu huu!" Valens, mmoja wa vijana, alisema akicheka. "Hapa hata chui anaweza kuzaa."

"Tuanze," alisema Micheline. "Akirudi atashangaa."

Umurerwa akashika panga. Nabintu akasimama.

"Usikate! Ni ya koko."

"Koko wako anafuga mbu?" Umurerwa alimjibu kwa sauti ileile ya mama yake. Wenzake wakaangua kicheko.

"Koko atakasirika."

"Atafurahi. Kaa chini, mtoto, uone."

Nabintu akakaa chini. Mabua yakaanguka. Walifagia, wakakusanya kila kitu rundo moja, na Valens akawasha moto. Micheline alipiga picha ya uwanja ukimeta.

Moto ulikuwa umeanza kushika mabua, Koko Nsimire alipotokea na beseni kichwani. Hakulitua. Alilitupa.

"Mbegu yangu iko wapi?"

"Bwana asifiwe, koko!" Micheline alitabasamu. "Tumekusafishia uwanja ili—"

"Nimeuliza mbegu! Ile ilikuwa lengalenga. Niliiacha ikauke nipate mbegu ya kupanda. Mvua iko mlangoni. Nitapanda nini sasa? Hizi fulana zenu? Batoto hawa wangu nitawalisha nini, wimbo?"

Lengalenga ni mchicha. Umurerwa aliula karibu kila siku, lakini ule mbichi wa sokoni. Ulioachwa ukazeeka shambani hakuwahi kuuona.

"Hatukujua, koko," Micheline alisema kwa sauti ndogo.

"Hamukujua! Kinywa cha kuimba muko nacho, cha kuuliza hamuna?"

Umurerwa alihisi uso unawaka. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Jua lote lile, na hata asante hakuna! Maneno yakamtoka kabla hajayapima: "Tumetoka mbali, tumekufanyia kazi bure, na wewe unatugombeza?"

"Rudia ulichosema."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amepanda mlima kuwaletea uji, amesimama nyuma yake na sufuria. Umurerwa aligeuka.

"Nani mliyemuuliza kabla ya kukata?" mama aliuliza.

"Hapakuwa na mtu wa kuuliza," Micheline alijibu.

Nabintu aliinuka pale alipokaa. Alimtazama Umurerwa tu. Kukaa kimya kungekuwa rahisi. Nani angemsikiliza mtoto wa umri ule?

"Alikuwepo," Umurerwa alisema. "Nabintu aliniambia nisikate. Mimi nikamcheka."

Mama alitua sufuria kwa kishindo. Alichukua ndoo ya maji ya kunawa, akaimwaga yote juu ya moto. "Chini! Wote, magoti chini! Fulana na zichafuke, ndiyo kazi yake."

Wakapiga magoti, Micheline pamoja nao. Walichambua masuke ambayo moto haukuyagusa, wakayafikicha. Umurerwa alipoanza kupepeta, Koko Nsimire alimpokonya ungo.

"Unamwaga! Tazama mukono wangu."

Mpaka wanamaliza, mbegu nyeusi, ndogo kama vumbi, hazikufika hata nusu ya kopo la nyanya. Koko alilitikisa kopo sikioni. "Kitalu kimoja. Nilikuwa nalima vitatu."

"Mbegu za vilivyobaki nitaleta mimi," mama alisema. "Na hawa watakuja kulima, ukikubali."

Koko alilifunika kopo kwa kiganja. "Bakuje. Mapanga bayaache kwao."

Wakirudi, mama alitembea mbele yao daraja zima. Upande wa pili ndipo alipogeuka, hasira bado iko machoni.

"Nilikufundisha kufagia kwetu. Sikukufundisha kwenda kufyeka kwa watu. Ukimhudumia mtu bila kumsikiliza, unajihudumia mwenyewe. Wewe ulitaka picha na asante. Yule mama alitaka mbegu zake. Na mtoto mdogo akikuambia acha, unaacha, unauliza kwa nini. Umenisikia?"

"Nimesikia, maman."

Jumamosi iliyofuata walirudi na majembe na mbegu. Micheline aliiacha simu mkobani. Umurerwa alikuwa wa kwanza kufika, lakini alisimama nje ya uwanja.

"Nabintu," aliita, "tuingie?"

Nabintu alimkazia macho, akatazama mikono yake kama ina panga. Akaingia ndani kumwuliza koko. Umurerwa akangoja juani, jembe begani, mpaka mtoto alipotoka na jibu.

"Muingie," alisema Nabintu. "Lakini mutembee pembeni. Mbegu zingine za kopo zimeshaota."