Majiko Saba ya Trevannick

Kufuli halikuwa limevunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Kerensa Bolitho aliloliona Alhamisi asubuhi kwenye stoo ya maskauti wa Trevannick. Mahema yalikuwepo. Sufuria zilikuwepo. Majiko saba ya gesi ndiyo yaliyotoweka, na kesho yake watoto thelathini walikuwa waende kambini.

"Nani ana ufunguo?"

"Wawili tu kwenye kamati," alisema mwenyekiti, Bi. Wenna Hocking. "Mimi na Mzee Jory Pascoe, mtunza vifaa. Sote tunajitolea, Afande. Jory ana miaka ishirini na sita hapa. Huyo usimguse!"

Alama za vidole ngeni hazikupatikana. Ila kwenye tope nje kulikuwa na mchirizi wa gurudumu moja. Toroli.

Inspekta akafunua daftari la ukaguzi. Majiko yote yalikuwa yamekaguliwa tarehe tatu Aprili, saini J. Pascoe.

"Siku hiyo Mzee Jory alikuwa wapi?"

Bi. Hocking akakunja uso. "Tarehe tatu? Si alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa jicho! Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka."

Kisha akaitazama tena saini ile.

Walimkuta Mzee Jory bustanini kwake. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa imeungua.

"Mzee wangu, toroli lako lina tope."

"Nalima, Afande."

"Na majiko umeyapanda wapi?"

Mzee akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Yako nyuma ya banda. Sikuyauza."

"Sasa uliyachukulia nini?"

"Macho yamekwisha. Nilisaini bila kukagua, nikaandika tarehe ya mwisho ya ukaguzi tuliyopewa. Juzi roho ikanisuta, nikawasha moja. Mpira wa gesi ulikuwa na ufa, mimi sikuuona. Moto ukanirukia usoni." Akaigusa nyusi iliyoungua. "Nikawaza, kama angekuwa mtoto je?"

"Ungesema."

"Kila mwaka wananiambia bila Jory hakuna kikundi. Ningewaambiaje kwamba nimewasainia uongo?"

Inspekta alimtazama Bi. Hocking, akitarajia matusi. Yakaja kweli.

"Mjinga wewe! Mjukuu wangu yumo safarini! Ungeniita tu nije nikukagulie, kuna kazi gani hapo?" Alikuwa akilia, na mikono yake tayari ilikuwa mabegani mwa mzee.

Fundi alikuta mipira miwili imepasuka. Ikabadilishwa jioni ile ile. Kamati ikafuta malalamiko, na ikakubaliana kwamba kuanzia sasa vifaa vitakaguliwa na watu wawili. Inspekta akampa mzee onyo kali, akafunga jalada, akashusha pumzi. Ilikuwa kesi yake ya kwanza mwaka ule isiyo na majeruhi, ukiacha nyusi moja.

Ijumaa basi liliondoka na majiko yote saba. Mzee Jory alisimama ukingoni mwa barabara. Nyuso madirishani hakuziona, lakini alisikia jina lake likiitwa kwa kelele, akapunga mkono upande zilikotoka sauti.