Unga wa Aina Mbili Katika Jagi Moja

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Chiriku alikwenda sebuleni kuwasalimia samaki katika tangi lao la kioo. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata samaki walisimuliwa ndoto zake. Akishamaliza kusimulia, alifuta kioo na kuyapima maji.

Shangazi alikuwa daktari wa meno, na tangi hilo la maji ya chumvi alilipenda kuliko kitu chochote nyumbani. Ndani aliotesha matumbawe, aliyoyalea tangu yakiwa madogo kama ukucha. Matumbawe ni viumbe hai, nayo hujijengea mifupa kwa kalsiamu. Huhitaji pia ualkali, yaani uwezo wa maji kukataa kuwa makali kama siki. Kimoja kikipungua, hayakui.

Jumamosi moja Chiriku alikuta vyote viwili vimeshuka. Shangazi alikuwa ameshakwenda kazini. Dawa aliijua: kijiko cha unga wa kalsiamu leo, kijiko cha magadi ya kuongeza ualkali kesho, kila kimoja na jagi lake. Lakini wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani wacheze mpira.

"Si vyote vinaingia tangi hilohilo?" alijisemea. Akachota vijiko vya kufurika vya unga wa aina zote mbili, akakoroga katika jagi moja. Maji ya jagi yakawa meupe pe. Akadhani unga haujayeyuka vizuri, akayamimina yote. Mara tangi zima likawa jeupe, samaki wasionekane.

"Nani kamwaga maziwa humo?" aliuliza mdogo wake, Kibonge, mkate mkononi. "Kwani samaki nao wanakunywa chai?"

"Hebu nitokee hapa!"

Simu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vipimo vinasemaje?"

"Vimeshuka vyote. Na maji... yamekuwa meupe, yenyewe tu."

"Yenyewe? Umetia kitu?"

"Hapana."

"Basi tia kijiko cha magadi sasa hivi, matumbawe yasije yakadhoofika. Nina mgonjwa kitini."

Chiriku alishika kijiko, akachungulia tangini. Chembe nyeupe zilikuwa zikitua juu ya matumbawe, nayo yalikuwa yamejikunyata. Aliogopa kukatazwa kuligusa tangi tena. Lakini aliogopa zaidi kuyaua matumbawe kwa dawa iliyotolewa kwa sababu ya uongo wake. Akapiga simu.

"Shangazi, nimekudanganya. Nilikoroga kalsiamu na magadi katika jagi moja."

"Hapo sasa umenena! Magadi mengine umeshatia?"

"Bado."

"Afadhali. Usiongeze hata chembe. Vikikutana vikiwa vizito hivyo hugeuka chokaa, na chokaa hiyo matumbawe hayawezi kuitumia. Vuta maji kwa bomba la mpira, ndoo moja moja, urudishie maji ya chumvi niliyoyaandaa kwenye pipa. Kisha osha kichujio."

Mpira ukachezwa bila Chiriku. Alivuta maji mpaka mgongo ukamuuma, Kibonge akideki sakafu huku akilalamika. Jioni samaki walianza kuonekana. Kuanzia siku iliyofuata alitia unga kidogo kidogo, leo huu, kesho ule, kwa majagi mawili, mpaka vipimo vikarudi mahali pake. Tawi moja la matumbawe lilikufa, naye alililia. Mengine yalichanua.

Shangazi alikaa naye mbele ya kioo cha tangi.

"Wagonjwa wangu hunidanganya kwamba wanapiga mswaki kila siku," alisema. "Hainisumbui, maana nafungua kinywa na kujionea. Lakini nikiwa kazini, tangi hili naliona kwa macho yako. Kosa la jagi tumelirekebisha kwa ndoo za maji. Ule uongo ungenifanya niyaue matumbawe yangu mwenyewe, nikidhani nayatibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kwa hiyo nisipime tena, shangazi?"

"Nani kasema? Kesho nataka vipimo. Na ukikosea, anza kwa kuniambia hilo."