Bustani Isiyo na Udongo

Jumapili alasiri, Palupi, binti wa miaka sita, alisimama chini ya chungu kimoja katika bustani mpya ya Surabaya akakataa kuondoka.

Bustani hiyo iko juu ya paa la maegesho ya magari. Mimea yote imening'inizwa kichwa chini, mizizi ikiwa ndani ya nyuzi za nazi. Ponidi, baba yake, alikuwa amemtania mlinzi getini: "Kaka, mimea yenu imekunywa nini?"

"Ndiyo usasa huo, mzee. Ukiishangaa sana, na wewe tutakutundika."

Mama yake Palupi, Wilujeng, ndiye aliyemfuata. Pale chini ya chungu alinusa damu ya uzazi, mbichi.

"Mama, mdogo wangu anasikia baridi."

"Mdogo wako yupi? Nimezaa wewe tu."

"Anasema baba alimwacha."

Ponidi, aliyekuja nyuma yao, aliacha kucheka. Nyumba yao ilikuwa hapo kabla ya mtaa kubomolewa. Palupi alipozaliwa, Ponidi alizika kondo la nyuma mbele ya mlango na kuliwashia taa, maana kwao kondo ni ndugu wa mtoto. Anayehama huchukua konzi ya udongo wa pale na kumwita ndugu huyo wafuatane. Siku ya tingatinga, Ponidi alibeba televisheni.

Jioni homa ilimpanda Palupi. Kichanga kikaanza kulia chini ya sakafu ya chumba walichopanga, kwanza mlangoni, kisha chini ya meza, kisha chini ya mkeka alipolala mtoto, na kila kilipolia Palupi alifumbua mdomo pamoja nacho bila kutoa sauti, huku ile harufu ya damu ikijaa chumbani hata majirani wakafunga madirisha.

Wakamwita Mbah Kasinah, bibi mkunga aliyemzalisha Wilujeng.

"Kalete udongo, umwite ndugu yake," alinong'ona.

"Hakuna udongo, Mbah. Ni zege tupu."

"Kwani ulimpeleka mtoto bustani gani, Ponidi?"

Ponidi alirudi bustanini, akanyofoa nyuzi za nazi katika chungu kile, akazifunga kwa kitambaa cheupe, akatembea hadi nyumbani akiita, "Mwanangu, twende." Mbah Kasinah alilipokea furushi, akalishika kifuani. Lilikuwa baridi kama barafu.

"Hajaja."

"Nimemwita, Mbah! Njia nzima nimemwita!"

"Umemwitia nyumba asiyoijua. Kwake ni pale alipo Palupi tu."

Wilujeng alimkumbatia binti yake. "Basi asimfuate. Mbah, mwambie asimfuate."

Mkunga aliomba dua mpaka sauti ikamkauka.

Palupi alifariki Alhamisi asubuhi. Alizikwa siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri. Ponidi aliingia kaburini, akanyoosha mkono, na watu wakampitishia lile furushi, mmoja baada ya mwingine, alilaze ubavuni mwa mtoto. Wote waliolishika wanasema lilikuwa na joto.