Chetezo cha Bi Kijakazi

Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, mwezi wa Mfunguo Tano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, moshi wa udi ulishuka sakafuni badala ya kupanda. Saa inajulikana, kwa kuwa marehemu Najat, mwelezaji wa makumbusho, alikuwa na kawaida ya kuiandika katika daftari la wageni kila alipotia kaa la moto kwenye chetezo.

Ilikuwa katika makumbusho madogo ya Bwana Murtaza, pale Raskazone, kwenye nyumba ya zamani ya babu yake. Wanafunzi wa darasa la tano kutoka Makorora walikuwa wamekaa juu ya jamvi. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa ukiingia. Moshi ulipaswa kupeperuka kuelekea ukumbini. Lakini uliteremka pembeni mwa meza, mwembamba kama uzi, ukatambaa kati ya miguu ya watoto, ukafika kwa msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ukasimama.

Msichana huyo alikuwa Mwanakombo, mtoto pekee wa Najat.

"Mwana, moshi unakutaka," alisema mwenzake mmoja. "Uambie ulete posa kwanza."

Watoto wakacheka. Najat naye alicheka kidogo, akalimwagia kaa maji.

Chetezo kile kilikuwa cha mama yake, Bi Kijakazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kilikuwa cha udongo mwekundu, kimefinyangwa kwa mkono, ukingo wake una nakshi za meno meno na shingo yake imetobolewa matundu saba. Bi Kijakazi alikuwa na jini. Jina la jini huyo halitaandikwa hapa. Alipatana naye ujanani mbele ya fundi wa mambo hayo, na kwa miaka hamsini alimwita mara moja kila mwaka. Alitia udi, akamwita kwa jina mara tatu, na kila aliyekuwamo chumbani akaitikia, "Karibu." Kisha jini aliwekewa sinia la mayai mabichi, halua na maji ya marashi. Akishakula, kwa namna anayoijua mwenyewe, aliagwa kwa heshima. Mwaka ukapita salama.

Utotoni Najat aliyaonea haya mambo hayo. Rafiki zake walipokuja nyumbani alikificha chetezo chini ya kitanda. Makumbusho ndiyo yaliyombadilisha. Aliajiriwa kupiga deki, na huku akipiga deki alimsikiliza Bwana Murtaza akiwaeleza wageni. Akajifunza kwamba mlango wa nakshi unasimulia habari za aliyeishi nyuma yake, na kwamba mfinyanzi huacha vidole vyake katika udongo hata akishazikwa. Jioni moja alirudi nyumbani kwao Makorora akakitazama chetezo cha mama yake kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amekiona kila siku tangu kuzaliwa. Aliona alama ya dole gumba la mwanamke asiyemjua. Akalia.

Bi Kijakazi alifariki mwezi wa Rajabu. Baada ya matanga kaka yake Najat, Tahiri, alitaka desturi ifuatwe. Mwenye jini akifa, fundi huitwa amuage jini, chetezo kikavunjwa, na vigae vikatupwa baharini.

"Kitu kizuri hivi mkivunje, kaka?" alisema Najat. "Watoto wetu watajifunza nini? Kila kitu cha wazee tumekwisha kukivunja."

"Hicho si pambo, Najat. Hicho ni mlango."

"Basi nitaupeleka mahali asipolala mtu."

Akakipeleka kwa Bwana Murtaza. Wakakiosha masizi ya miaka hamsini kwa brashi na sabuni, wakakiweka ndani ya kabati la kioo na kufuli. Najat, ambaye sasa alikuwa amepandishwa kuwa mwelezaji wa wageni, aliamini kwamba kitu kikionekana bila kazi yake kimeonekana nusu. Kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi alikitoa, akatia kaa, akatia udi, akaita kama alivyoita mama yake, kwa jina lile lile, mara tatu. Aliwafundisha wanafunzi waitikie, "Karibu." Walifurahi sana. Baadaye walipiga makofi, wakapanga mstari, wakaondoka. Hapakuwa na sinia. Hapakuwa na kuaga.

Jumatano ile, alipoita mara ya tatu, mbuzi alichungulia dirishani na darasa zima likaangua kicheko. Sauti moja tu ndiyo iliyoitikia. Mwanakombo alitaka kumfurahisha mama yake.

Kesho yake asubuhi Bwana Murtaza alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma.

"Bi Najat, umefuta vioo leo?"

"Nimefuta."

"Na hivi vidole?"

Kioo kilikuwa na ukungu, na katika ukungu palikuwa na alama za vidole vitano, virefu kupita vya mtu. Najat akachukua kitambaa akafuta. Alama hazikutoka. Akafuta tena kwa nguvu.

"Acha," alisema Bwana Murtaza kwa sauti ya chini. "Viko upande wa ndani."

Wote wawili wakalitazama kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Murtaza.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, Najat aliwasha taa ya chumbani akamkuta mwanawe amekaa sakafuni, ameuelekea ukuta, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha, huku akiongea peke yake na kulisugua goti la kushoto taratibu kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akilisugua Bi Kijakazi goti lake bovu kila jioni kwa miaka ishirini.

"Mwana," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na mgeni, mama."

"Mgeni gani?"

"Yule wako. Ana njaa. Anasema unamwita, akija mnampigia makofi."

Tangu hapo mtoto hakula tena. Aliomba yai bichi, na alipopewa hakulila, alilisogeza tu mbele yake, kama anayemkirimu mtu, na asubuhi yai lilikutwa zima, ganda halina ufa, na ndani hamna kitu. Akiogeshwa alinuka udi. Akisomewa Ayatul Kursi alitulia kwa adabu, kichwa ameinamisha, na kisomo kikiisha aliinua kichwa akaendelea na mazungumzo pale pale alipoyaachia, kwa sauti ndogo, akinyamaza kusikiliza, akitikisa kichwa, akicheka mahali ambapo hapakuwa na neno lililosemwa. Kufikia Jumapili mashavu yalikuwa yamebonyea na hakuweza kusimama, na Najat, aliyekesha siku tatu akiwa ameushika mkono ule wa baridi, aliuona moshi mwembamba ukitoka chini ya kitanda, pale pale alipokuwa akikificha chetezo utotoni, ingawa humo hamkuwa na moto, na chetezo kilikuwa Raskazone, ndani ya kioo.

Jumatatu Tahiri alimleta fundi, mzee Idarusi, kutoka Ushongo kwa bodaboda. Njiani alikuwa amepitia Raskazone akakichukua chetezo, na Bwana Murtaza alikitoa bila kuuliza neno.

"Shikamoo, mzee Idarusi," alisema Najat.

"Marahaba, mwanangu. Umemwita mara ngapi?"

Najat akahesabu kwa vidole, akaacha. "Tangu mwezi wa Shaabani. Mara mbili kila wiki, isipokuwa Ramadhani."

Mzee alikigeuza chetezo mkononi. "Mama yako alimwita mara hamsini katika maisha yake yote, na kila mara alimwekea chakula. Wewe humjui hata anakunywa nini."

"Nilikuwa nawafundisha watoto, mzee. Niliwaonyesha tu."

"Na yeye umemwonyesha nini?"

Kitandani Mwanakombo alifumbua macho, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Bi Kijakazi, nzito, ya mtu aliyechoka kungoja.

"Nimeitwa, nimekuja. Mwenyeji wangu ni huyu mdogo. Peke yake ndiye aliyenikaribisha."

Mzee Idarusi aliwavuta Najat na Tahiri hadi ukumbini. "Ataagwa," alisema kwa kunong'ona. "Sinia litawekwa usiku huu. Kesho maji yakipwa, chetezo kitavunjwa. Lakini mgeni aliyekaa na njaa namna hii haondoki kwa neno. Atataka kusindikizwa, na anayemsindikiza mgeni ni mwenyeji."

"Hadi wapi?" aliuliza Tahiri.

"Mpaka mgeni mwenyewe aseme rudi."

"Mtoto hawezi hata kusimama."

"Ndiyo maana nawaambieni huku nje."

Najat alirudi chumbani kabla hawajamzuia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalitamka lile jina mara moja tu, kwa adabu, kisha akasema, "Aliyekuita ni mimi. Huyu alinijibu mimi, hakukujibu wewe. Karibu kwangu."

Mkono wa mtoto ukapata joto. Mkono wa Najat ukawa wa baridi.

Jumanne saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, pale ufukweni Raskazone. Mzee Idarusi alikivunja chetezo juu ya jiwe, akamfungia Najat vigae katika kanga ya marehemu mama yake. Kabla hajavifunga, Najat aliokota kile chenye alama ya dole gumba, akaweka dole gumba lake mle, likaenea. Akambusu kaka yake mkono. "Mwana akiamka mpe uji," alisema. "Usitie ndimu, haipendi."

Akaingia majini. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, na walioachwa ufukweni walimwona akivitupa vigae kimoja kimoja, na walimwona pia akigeuza uso kando mara kwa mara kama anayezungumza na mtu wa upande wa kulia, akiitikia kwa kichwa, akingoja, na alipokitupa kigae cha mwisho hakugeuka, aliendelea kutembea kwa mwendo ule ule wa mtu asiye na haraka, maji kifuani, maji mabegani, Tahiri akimwita kwa jina huku mzee Idarusi amemkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zake zote akimwambia usiite, usiite jina la mtu sasa, na bahari ikawa tupu.

Saa hiyo hiyo, Makorora, Mwanakombo aliamka akaomba uji.

Marehemu alipatikana alasiri, akazikwa kabla ya magharibi. Wapo waliosema amejiua. Hakujiua. Alikuwa akimsindikiza mgeni, na hakuambiwa rudi. Na aliyekufa maji ana daraja la shahidi, ndivyo tulivyofundishwa.

Kabati lile bado lipo, tupu. Bwana Murtaza hakuweka kitu kingine. Siku hizi mtu akimletea kitu cha wazee wake, hamuulizi tena kina miaka mingapi. Anauliza kilikuwa kikimwita nani, na nani alimuaga. Wengine hukirudisha nyumbani. Anasema makumbusho yalimfundisha Najat kuona, na hilo ni jema, ila hayakumfundisha kuuliza.

Arobaini ya marehemu ilisomwa nyumbani kwa Tahiri baada ya sala ya alasiri. Udi ulitiwa kwenye chetezo kipya cha bati, na watu wote waliutazama moshi. Ulipanda wima. Watu wakashusha pumzi, hitima ikasomwa.

Walipofika kwenye dua, mlango ulibishwa.

"Hodi," ilisema sauti ya Najat. Ilikuwa sauti yake hasa, yenye kuchoka kidogo, kama alivyokuwa akirudi kutoka kazini. "Hodi, jamani."

Watu zaidi ya thelathini walikuwa ukumbini, na hakuna aliyefungua kinywa. Harufu ya udi na maji ya chumvi iliingia kupitia chini ya mlango.

"Hodi, Mwana."

Mwanakombo alikuwa amekaa karibu na mjomba wake. Machozi yalikuwa yakimtoka. Aliinua mikono yote miwili akauziba mdomo wake mwenyewe, akaushikilia hivyo, mpaka kizingiti kikanyamaza.

Ewe Mola wetu, roho ya Najat binti Kijakazi iko kwako, na hakuna kiumbe mwenye uwezo juu yake ila wewe. Kinachobisha mlangoni si yeye. Mghufirie alilolifanya kwa kutojua, mpokee kwa alilolifanya kwa kujua. Lipanue kaburi lake, litie nuru, umkaribishe wewe, uliye mbora wa wenyeji. Na mtoto wake umpe subira ya kutoitikia. Amina.