Brayan Anakula Nyuma ya Mlango

Kwa Nikodemo, kule Nyarero wilayani Tarime, watu huamka na jogoo. Nikodemo huenda shambani. Mama yake, Bibi Kezia, huwasha moto katika nyumba yake ndogo ng'ambo ya ua. Elieth, mke wa Nikodemo, hukamua ng'ombe. Akimaliza, humbeba mwanaye Brayan, huingia naye ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Saa ya Brayan kula imefika.

"Unataka nini, baba?" Elieth anauliza. "Uji?"

"Sitaki."

"Kiazi?"

"Sitaki."

"Yai je? Nimekukaangia yai."

"Sitaki! Biskuti!"

Jamani! Mtoto wa miaka miwili na nusu anaulizwa kama mgeni hotelini. Mbele yake kuna uji, viazi, yai, ndizi na maziwa. Anavitazama vyote, analia. Mwishowe mama anatoa biskuti na chai yenye sukari nyingi. Brayan ananyamaza, na mama anapumua.

Usimcheke Elieth. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Happy. Happy alishikwa na homa, akakataa kula, na baada ya siku chache akafa. Tangu hapo, Elieth akisikia mtoto anasema "sitaki", humkimbilia na chakula kingine.

Ndiyo maana kila Nikodemo alipokwenda sokoni Sirari, alirudi na mfuko umejaa. Siku hizi vitu ni vingi. Kuna biskuti za kila rangi, juisi za pakiti, krispi, tambi. "Atachagua mwenyewe," Nikodemo alisema. "Hatakosa anachopenda."

Na mlango je? Kwa nini ulifungwa?

Hapo kuna maneno ya kisimani. Wanawake wawili walimnong'oneza Elieth kwamba mama mkwe wake ana jicho. Eti mtu mwenye jicho akimtazama mtoto anayekula, chakula kinamkwama tumboni, na mtoto anakonda. Elieth alijitwika ndoo yake, akaondoka. Lakini maneno yalimwingia. Watoto wengine wa ukoo walikula kwa Bibi Kezia, wote kwenye sinia moja. Brayan alikula peke yake nyuma ya mlango.

Kadiri alivyofichwa, ndivyo alivyokonda. Mashavu yalikwisha. Alipenda kukaa tu, mgongo ukutani. Elieth alimwona na hofu ikazidi. "Jicho linapita hata kwenye mlango," aliwaza. Akaziba na dirisha.

Asubuhi moja alitoka nje akamkuta Brayan nyuma ya nyumba. Alikuwa anabandua udongo wa ukuta na kuula. Midomo ilikuwa myekundu kwa udongo.

"Brayan! Tema!"

Mtoto alijaribu kusimama. Miguu ikakosa nguvu, akaanguka. Elieth alimnyanyua. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, havina damu kabisa.

"Mungu wangu, anakufa! Mwanangu anakufa!"

Nikodemo hakuwepo. Bibi Kezia ndiye aliyekuja mbio, kanga mkononi. Elieth alirudi nyuma, akamficha mtoto kifuani.

"Elieth, si wakati wa kuogopana," bibi alisema. "Nimeita bodaboda. Twende zahanati."

Njiani Elieth alimbana Brayan kifuani. Kila pikipiki iliporuka shimo, alimwita jina lake. Mtoto aliitikia kwa sauti ndogo sana.

Zahanati walipokelewa na nesi anayeitwa Scholastica. Ni mwanamke mnene, mcheshi, lakini siku hiyo hakucheka. Alimpima Brayan damu. Alimpima malaria, akakuta hana. Alimzungushia utepe mkononi. Utepe huo una rangi tatu. Kijani ni salama. Njano ni hatari inayokaribia. Nyekundu ni hatari kubwa.

Elieth aliutazama utepe. Ulisimama kwenye njano, karibu na nyekundu.

"Sista, niambie ukweli. Atakufa?"

"Tumemuwahi," Scholastica alisema. "Damu yake imepungua, ndiyo maana anakula udongo. Nitampa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu. Lakini dawa peke yake haitoshi. Anakula nini?"

"Sista, kila kitu nampa! Mayai, maziwa, ndizi, viazi."

"Sijauliza unampa nini. Nimeuliza anakula nini."

Elieth aliinama. "Biskuti. Na chai."

"Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza biskuti na chai ya sukari, dagaa watakaa wapi? Na ukimwekea vitu vitano, anachanganyikiwa. Ameshajua kwamba akilia, kinakuja kitamu. Mtoto ana akili huyo!"

"Lakini asipokula atakufa kama Happy!"

Scholastica aliweka kalamu chini. Akavuta kiti karibu.

"Mama Brayan, nisikilize. Happy namkumbuka. Happy hakufa kwa sababu alikataa ugali. Aliugua, na ugonjwa ndio uliomfanya akatae. Mtoto akikataa kula na ana homa, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, usingoje. Njoo hapa mara moja, hata usiku. Lakini mtoto anayekataa ugali kisha anakimbilia biskuti, huyo anachagua tu."

Kisha akamweleza la kufanya. Mama ndiye anayechagua chakula na saa ya kula. Mtoto anachagua kiasi cha kula. Sahani moja iwe na kitu anachokijua na kitu kipya kidogo. Akikataa, asilazimishwe wala asibembelezwe. Chakula kiondolewe, na kile kipya kirudi siku nyingine, hata mara kumi. Katikati ya milo anywe maji. Kitafunwa kiwe ndizi au kiazi, kwa saa yake.

"Na anakula na nani?" Scholastica aliuliza.

Elieth aligeuka kuutazama mlango. Bibi Kezia alikuwa amekaa nje, kwenye benchi. Elieth akashusha sauti, akasimulia habari ya jicho.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto hujifunza kutembea kwa kuona watu wanatembea," alisema. "Kula ni hivyo hivyo. Brayan hajawahi kuona mtu akila dagaa kwa raha. Ukimwekea, atawaogopa kama wadudu. Mfungulie mlango, mama."

Kusikia ni rahisi. Kufanya, loo!

Jioni hiyo Brayan aliketishwa kwenye mkeka kwa bibi, pamoja na binamu zake. Sinia ilikuwa na ugali wa mtama na muhogo, dagaa na mboga ya mgagani.

"Sitaki! Biskuti!"

"Hakuna biskuti, baba. Chakula ni hiki."

Brayan alilia. Akajirusha chini. Akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikodemo, aliyekuwa amerudi, hakuweza kuvumilia. Akanyanyuka. "Mpe hata moja, Elieth. Moja tu!"

Elieth alitamani kukimbia akalete mfuko wote. Alimwona Happy mbele ya macho yake. Lakini alimgusa mtoto shingoni: hakuna homa. Akampa maji, akanywa vizuri. Basi, akakaa.

"Keti, baba Brayan," alisema, na machozi yakamtoka. "Hata mimi naogopa."

Brayan alilala amekula matonge mawili tu. Asubuhi aliamka na njaa. Elieth hakumuuliza anataka nini. Alimpa uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Brayan akanung'unika kidogo, kisha akanywa nusu kikombe.

Haikuwa safari ya siku moja. Dagaa waliwekwa, akawatema. Wakawekwa tena, akawashika na kuwachezea. Siku nyingine alimwona binamu yake Irine akitafuna kichwa cha dagaa, naye akajaribu. Alikunja uso. Akameza.

Waliporudi zahanati baada ya wiki kadhaa, utepe uliingia kwenye kijani. Elieth alilia mbele za watu bila aibu. Ndipo Scholastica alipocheka, cheko la kusikika mpaka barabarani.

Jioni walikaa kula kama kawaida. Wiki zote hizo, macho ya Elieth yalikuwa kwenye mdomo wa Brayan tu. Leo alikuwa na amani. Akatazama na wengine. Akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona.

Bibi Kezia alikuwa amegeukia ukutani. Alikula akiwa amewapa watoto mgongo.

"Mama, mbona umegeuka?"

"Ni kawaida yangu siku hizi, mwanangu. Mtoto ale kwa amani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kumleta hapa. Maneno ya kisimani na mimi niliyasikia. Nikaogopa. Nikasema, kama ni kweli, nisije nikamuua mjukuu wangu."

Elieth aliweka tonge chini. Kumbe hawakuogopa peke yao, yeye na mumewe. Hata huyu aliogopa, tena aliogopa macho yake mwenyewe.

Alimnyanyua Brayan, akazunguka mkeka, akamketisha kwenye mapaja ya bibi. "Nisamehe, mama," alisema. "Mtazame. Mtazame anavyokula."

Bibi Kezia aligeuza uso taratibu. Brayan alichukua dagaa, akamtafuna, akameza. Kisha akafungua mdomo wazi.

"Bibi, leta ingine."

"Kula, mura, kijana wangu," bibi alisema. Akamlisha, huku anamtazama.